Kadi ya Picha na Cherehani ya Mama

Kila alipotoka shule, Illuminée alipitia mtaa wa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, kumsaidia mama yake mdogo, Pulchérie, katika ofisi yake ya kuchapa barua na mialiko. Alifuta vumbi kwenye kompyuta, kisha kwenye cherehani iliyokaa kimya pembeni. Cherehani ile ilikuwa ya marehemu mama yake.

Siku hiyo alimkuta mfanyabiashara kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, Onésphore, ameweka boksi linalong'aa mezani.

"Hii kadi ya picha inaingia ndani ya kompyuta, mama," alisema. "Iko na nguvu kupita zote, njo maana bei iko juu."

Pulchérie, aliyekulia Tanzania, alimvuta Illuminée kando. "Wateja wanalalamika kwamba tunachelewa, mwanangu. Nitauza cherehani nipate kuinunua."

Illuminée aliitazama cherehani ya mama yake. Akamtazama mgeni kwa jicho la pembeni. Mbona anachungulia mlangoni kila mara? Mbona anatoka jasho, na kuna baridi? "Kadi ya wizi hiyo," aliwaza. "Au feki."

"Mama mdogo, hata tochi hatununui bila kuiwasha," alisema. "Tuijaribu."

"Mujaribu, lakini mbio," Onésphore alijibu. "Barière ya mpaka ikifungwa, nitalala huku."

"Kisingizio," Illuminée aliwaza.

Walichapa mwaliko wa harusi kwa kadi ya zamani. Onésphore akaifungua kompyuta, akaiweka kadi mpya, wakauchapa tena. Printa ilikoroma vilevile, ikitoa karatasi kwa kusuasua. Illuminée alizibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Herufi zililaliana sawasawa.

"Hakuna tofauti! Feki! Mwizi wewe!"

Onésphore hakufoka. Alitoa diski, akafungua mchezo wa magari. Magari yakateleza milimani kama maji, hata vumbi la magurudumu likaonekana. Akairudisha kadi ya zamani. Magari yaleyale yakaanza kukwamakwama, kama mtu mwenye kwikwi.

"Feki iko wapi, mutoto? Hii kadi inakimbiza picha za kwenye skrini, haichapi. Huyu mama aliniuliza kama kadi ni muzuri. Hakuuliza kama itamusaidia kuchapa. Na mi nilitaka kuuza, nikanyamaza. Mwenye kuwachelewesha ni hii printa, iko muzee."

Illuminée aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nimekuita mwizi bure."

"Bon, imeisha. Ukikua, uende kwa douane, ukague mizigo ya mpakani. Hakuna magendo itapita!" Akacheka, akachukua boksi lake, akakimbilia mpakani.

Pulchérie alizikunja zile karatasi mbili. "Kushuku kumetuokoa, mwanangu, kwa sababu kulitufanya tujaribu. Ila kumhukumu mtu kabla ya kujua ni kosa. Na mimi nilidhani kitu cha bei kubwa humfaa kila mtu. Kadi ile ina thamani kwa mwenye kazi nayo. Kwetu sisi, hata kwa nusu bei ingekuwa hasara."

Akaivuta cherehani karibu na dirisha.

"Lete mafuta. Imeanza kushika kutu, na mama yako angenigombeza."