Homa Iliyofichwa Daftarini

Siku hizi Twiga akitoka shule hakutupa mkoba kitandani kama zamani. Aliuning'iniza msumarini, akanawa mikono kwa sabuni, akaingia chumba cha nyuma alikolala baba yake. Alifuta kipimajoto kwa pamba, akakiweka kwapani mwa baba, akasubiri kilie. Kikishalia aliandika kwenye daftari: tarehe, saa kumi, joto. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano.

Twiga halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya shingo na miguu yake mirefu, likamganda mpaka nyumbani.

Baba yake alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili za kupigia pasi na kamba zilizojaa mashati ya watu. Wiki tatu nyuma, alikuwa mezani akinyoosha suruali alipoiacha pasi ghafla na kushika kifua. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji.

"Ni gesi tu," alimwambia mkewe. "Nipe maji, itapita."

Akakaa kuisubiri ipite. Fundi viatu, jirani yao wa mlango wa pili, alipokuja kuchukua koti lake alimkuta midomo imegeuka rangi. Hakumuuliza kitu. Alisimamisha teksi, akambeba hadi garini. Ulikuwa mshtuko wa moyo, na saa mbili nzima zilikuwa zimeshapotea.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa wodi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwakalisha wote kwenye benchi.

"Mshipa mmoja wa moyo uliziba," alisema. "Sehemu ya msuli ikakosa damu, ikafa. Hicho ni kidonda, ila kiko ndani, hatukioni. Mliona joto lilivyompanda zile siku za mwanzo? Mwili ulikuwa unahangaika nacho. Mara nyingi kidonda kikiwa kikubwa, na joto huwa juu. Sasa limeshuka. Likipanda tena, mjue kuna jambo. Halafu mtu akiwa na homa moyo hukimbia, na huu wake unatakiwa kupumzika."

Akampa mama kipimajoto na daftari. Wampime asubuhi, saa kumi, na kabla ya kulala.

"Likifika thelathini na nane, msingoje kesho. Mje siku hiyo hiyo."

"Saa kumi mimi niko kwenye pasi," mama alisema kwa wasiwasi.

"Nitampima mimi," Twiga akadakia.

Muuguzi alimtazama toka utosini hadi viatuni. "Nukta unajua kuisoma?"

"Najua."

"Basi andika unachokiona. Usiandike unachokitamani."

Kwa siku nane Twiga aliandika alichokiona. Siku ya tisa, Jumanne, mwalimu wa michezo alikuwa akichagua timu ya netiboli. Twiga alichaguliwa. Alirudi nyumbani saa kumi na mbili kasoro, vumbi mpaka kwenye nyusi, furaha imemjaa.

"Umeshampima baba yako?" mama aliuliza kutoka mbele, bila kuinua macho kwenye kola ya shati, asijue kuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Ndiyo, mama," Twiga alijibu, akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Baba alikuwa amefumba macho. Twiga alifungua daftari upesi upesi, akaandika: 36.8. Jana ilikuwa 36.7, kwa hiyo ilionekana sawa kabisa. Alipogeuka, alimkuta baba amefumbua macho anamtazama. Baba alilitupia jicho daftari. Alitabasamu kidogo, akageukia ukutani.

Ijumaa Twiga aliwahi. Alimkuta baba amejifunika mablanketi mawili ilhali nje jua linawaka. Kipimajoto kilipolia, alisoma, akasoma tena. 38.2.

"Baba, imefika thelathini na nane. Ngoja nimwite mama."

"Kaa kwanza." Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Andika thelathini na sita na ushee."

"Lakini muuguzi alisema..."

"Muuguzi hajui joto la nyumba hii. Pasi mbili zinawaka hapo mbele kutwa nzima, nani asiyepata moto? Kesho itashuka."

"Baba, siwezi."

"Mbona Jumanne uliweza?"

Twiga alihisi uso unamchoma. Alitazama sakafu.

"Sikukugombeza, au siyo?" baba aliendelea kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza zaidi. "Nami sitamwambia mama yako. Yale ya Jumanne ni siri yetu, na haya ya leo pia. Tumeelewana?"

Twiga aliandika 36.9. Kabla mama hajaja kupima kwa ajili ya kulala, baba alimeza vidonge vya kushusha homa alivyoficha chini ya mto. Mama alipopima, alikuta thelathini na saba, akashukuru, akazima taa.

Jumamosi baba alikuwa na 38.4. Twiga aliandika 36.8, na kila mama alipokuja kupima alikuta vidonge vimeshaishusha. Jumapili mchana baba hakuweza tena kulala chali. Aliketi ameinama mbele, ameukumbatia mto, na kila akivuta pumzi alikunja uso kama aliyechomwa. Kipimajoto kilisema 38.9.

"Baba, twende hospitali. Tafadhali."

"Sirudi kule." Baba alitikisa kichwa. "Unamkumbuka yule mzee wa kitanda cha pembeni yangu, aliyekuwa akikupa biskuti? Ulipoambiwa kaenda kwa mwanawe, ulidanganywa. Alifunikwa shuka mchana kweupe, nikiwa namtazama. Mtu akirudishwa pale..." Hakumaliza. Aliukaza ule mto kifuani.

Twiga alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiogopa. Alishika kalamu, akaandika 36 na nukta. Namba iliyofuata haikutoka. Aliiweka kalamu chini, akatoka.

Mama alikuwa akipiga pasi sare za shule za watoto wa watu.

"Mama, daftari lile ni la uongo."

Mama aliisimamisha pasi. "Unasemaje?"

"Baba ana homa tangu Ijumaa. Mimi ndiye niliyeandika uongo. Hata Jumanne sikumpima, nilikuwa uwanjani."

 Mama hakumpiga wala hakufoka. Alichomoa waya wa pasi ukutani, akasema, "Kimbia kwa fundi viatu. Mwambie tunataka gari sasa hivi."

Hospitalini kipimajoto cha daktari kilionyesha 39.1. Daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka, alifungua daftari, akakunja uso.

"Hapa jana imeandikwa thelathini na sita nukta nane. Homa hii imeanza lini?"

Mama alimtazama Twiga. Yule muuguzi wa wodi naye alimtazama. Baba, aliyelazwa nusu ameketi kwenye kitanda cha magurudumu, alifumba macho.

"Ijumaa," Twiga alisema, akilia. "Namba hizo nimezitunga. Za kweli nazikumbuka."

Daktari alimpa kalamu. Twiga alikata namba za uongo, akaandika kando zile alizoziona: 38.2, 38.4, na ya Jumapili 38.9. Alipofika Jumanne alisita.

"Hii siijui. Sikupima."

"Basi ikate, uache wazi," daktari alisema. "Nafasi tupu inanisaidia kuliko namba ya kubuni."

Akampeleka baba kwenye mashine ya kupiga picha ya moyo. Baada ya kitambo alirudi kumweleza mama. Utando unaozunguka moyo ulikuwa umevimba, na maji yamejaa humo, yanaubana moyo usijae damu. Wangeyatoa kwa sindano jioni ile ile.

"Tungeyaona Ijumaa, huenda dawa zingetosha," alisema. "Mngengoja mpaka kesho, sijui ningewaambia nini."

Maji yalitolewa. Baba alilazwa siku kumi na moja, na siku nne za kwanza baadhi ya walioingia hakuwatambua. Alipopata nafuu, daktari hakumficha: moyo wake, uliokwisha kupoteza msuli wakati wa mshtuko, ulikuwa umedhoofika. Angeishi, ila kusimama kutwa kwenye joto la pasi, basi tena.

Siku Twiga aliporuhusiwa kuingia peke yake, alisimama miguuni mwa kitanda, hajui aanze wapi.

"Nisamehe, baba."

"Njoo karibu." Baba alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. "Wewe ulikosa Jumanne, na kosa lako nililiona. Badala ya kukuonya, nililiweka akiba, nikakufunga nalo mdomo. Mzazi hafanyi hivyo. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

Twiga alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Sikiliza, mwanangu. Nilidhani naidanganya hospitali, kumbe nilikuwa naudanganya moyo wangu mwenyewe, nao haudanganyiki. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, atatokea mtu wa kulitumia. Na mkubwa yeyote akikuambia ufiche ugonjwa wa mtu, hata nikiwa mimi, mkatalie, kisha kamwambie mwingine. Hiyo siyo kukosa adabu."

"Sawa, baba."

Baba aliegemea mto. Halafu akaweka kiganja kifuani, akaonekana kusita.

"Unaumwa?" Twiga aliuliza.

Baba alifungua mdomo kama anayetaka kusema hapana. Kisha akashusha pumzi.

"Ndiyo. Nikivuta hewa panachoma kidogo, hapa kushoto. Niitie muuguzi, umwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Twiga alikwenda mbio. Muuguzi alikuja, akapima mapigo, akapima joto, akamwita daktari. Safari hii ilikuwa maumivu ya kawaida ya utando unaopona, na dawa iliyatuliza kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijaisha.