Siku Kidoti Alipojiangusha

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani yake, mama alimpa Chiriku dawa ya kifafa, akamfunga kamba za viatu na kumuuliza amelalaje. Kidoti, dada yake wa miaka kumi na miwili, alijifunga zake mwenyewe. Hakuulizwa kitu.

Siku aliyoshika nafasi ya kwanza darasani, mama alisema tu, "Vizuri, mwanangu," macho yakiwa kwenye mshono. Papo hapo Chiriku akaangusha kijiko, na mama akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kidoti aliumia rohoni. Tangu hapo alimwonea mdogo wake kijicho, akimchunguza kuanzia anapoamka hadi anapolala.

Jumamosi moja alijiangusha kando ya cherehani, akatetemeka kama alivyoona kwa Chiriku. Mama alimlaza ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, akamshika mkono mpaka akatulia. Ilikuwa raha tupu.

Raha hiyo iliishia hospitali, mama alipowapeleka wote wawili. Siku chache kabla, Chiriku alikuwa ameanguka hapo hapo hospitali akiwa amebandikwa nyaya za kupima ubongo. Daktari aliwaonyesha mistari kwenye kompyuta: seli za ubongo zilianza kuchachamaa hata kabla mtoto hajatetemeka. Wakijua zinaanzia wapi na lini, alisema, huenda wakapata tiba inayomfaa zaidi. Kisha akamgeukia Kidoti. Kwa maelezo ya mama, huenda naye angehitaji dawa.

Mama alijifunika uso kwa viganja. "Wote wawili," alisema polepole.

Kidoti alishindwa kuvumilia. "Mama, mimi siumwi. Nilijifanya. Nilikuwa namwonea wivu Chiriku."

Daktari hakumgombeza. Alimuuliza tu kama amewahi kuona dalili zozote kabla mdogo wake hajaanguka. Kidoti alizijua zote: Chiriku hukatiza maneno, hulamba midomo, husugua kidole gumba. Mama hakuwahi kuziona. Daktari akaziandika, akasema zitamsaidia kuisoma ile mistari.

Wiki iliyofuata Chiriku alinyamaza ghafla akiwa juu ya ngazi, akaanza kulamba midomo. Kidoti alimketisha upesi, akamlaza ubavu. Kifafa kilipopita, hakuwa na hata mchubuko.

Siku hiyo mama aliacha kushona, akamwita Kidoti karibu.

"Nilikosea kukusahau," alisema, "na wewe ulikosea kunidanganya. Daktari hutibu kwa kile tunachomweleza. Tukimpa uongo, dawa inakwenda kwa asiyeumwa. Ukiona nimekupa kisogo, niite."

"Hata ukiwa na nguo ya mteja?"

"Hata hapo. Mteja atangoja."