Mkasi wa Anastase

Kwach. Kwach. Kwach.

Upande wa pili wa mabati, mkasi ulikuwa ukikata kitu.

Shema, askari wa kupambana na magendo, alibana mgongo ukutani, bastola ya Makarov mkononi. Jua la saa nne lilichoma ghala hilo la Gisenyi. Redio ya Motorola ilikwaruza kiunoni.

"Kivu Moja, mzungu amevuka mpaka. Land Cruiser nyeupe. Subiri kikosi."

"Kikosi kiko wapi?"

"Ruhengeri. Mwendo wa saa nzima."

"Basi wakifika nitawasalimia."

Akaizima. Akachungulia kwenye tundu la msumari.

Donatille alikuwa amefungwa kwenye kiti, mdomo ukivuja damu. Ndiye mtafiti aliyekuwa akiingiza kwenye kompyuta rekodi za ndege waliokaushwa, waliokusanywa tangu enzi za mababu katika misitu ya volkano. Kila ndege alikuwa na lebo mguuni: namba, mahali, tarehe. Donatille aliziunganisha namba hizo na za makumbusho ya mbali, ili ijulikane ni ndege gani aliishi wapi kabla msitu haujageuka shamba la viazi.

Jana jioni waliibwa. Ndege, pamoja na mtafiti wao.

Niyonzima alilinda mlango kwa Kalashnikov. Bosi wake, Anastase, mvusha magendo wa siku nyingi, ndiye aliyeshika mkasi, akikata lebo za ndege waliopangwa mezani kwa mistari.

"Kata vidole yangu," Donatille alisema. "Lakini acha ile karatasi."

Anastase akacheka. "We mama, karatasi ndiyo inakamatisha mutu ku douane, ku watu ya forodha. Vitenge, sigara, mi nimevusha vyote. Kitu ya kwanza, toa marque, toa alama yote."

Kwach.

Gari lilisimama nje. Mlango ukafunguliwa. Roelants, mnunuzi, aliingia na suti yake ya kitani, akaona sakafu imejaa vipande vya karatasi.

Uso ukamwiva.

"Nani amefanya hivi?"

"Mi, patron. Sasa iko propre, iko safi. Hakuna mutu atajua imetoka wapi."

"Imbécile! Mpumbavu! Matajiri wangu wananunua historia. Bila lebo, haya ni manyoya ya mto wa kulalia."

"Bon. Basi lala," Anastase akajibu.

Bastola ya Browning ya Roelants ilibweka. Anastase alianguka huku ameshika tumbo. Niyonzima akageuza Kalashnikov kumwelekea mzungu.

Shema hakusubiri zaidi.

Aliyapiga mabati teke, yakang'oka. Risasi yake ya kwanza ilimpata Niyonzima shingoni. Kalashnikov ikatapika moto darini, kisha ikanyamaza pamoja na mwenyewe.

Roelants alikuwa tayari nyuma ya kiti. Mtutu wa Browning ulizama kwenye paji la uso wa Donatille.

"Huyu anamjua kila ndege kwa namba yake," alisema. "Lebo zangu sasa ni yeye. Naondoka naye."

Shema hakuwa na pa kupiga. Aliona sikio moja la mzungu. Mengine yote yalikuwa Donatille.

Donatille alimtazama, akafumba macho.

Akajirusha nyuma, yeye na kiti chake.

Kisogo chake kilivunja pua ya Roelants. Browning ikapiga hewa.

Makarov ikajibu mara mbili.

Roelants alilala chali juu ya karatasi, na suti yake ikabadilika rangi.

Shema alimfungua mama huyo kamba. "Pole, dada. Rekodi wamezipata?"

"Hapana. Kila ndege nilimupiga picha na lebo yake mbele ya kuingiza ku kompyuta. Vyote nilishatuma Kigali. Kila karatasi itarudi ku mguu yake."

Akapiga magoti, akaanza kuokota kwa vidole vilivyovimba. Ghafla akasimamisha mkono. Akaitazama meza, mstari kwa mstari.

"Moja hayiko. Ule ndege mudogo wa Busasamana. Mwingine kama ule hatuyaona mu musée, mu makumbusho yoyote."

Anastase aligumia sakafuni. "Sibomana... mutu yangu... alivuka nayo asubuhi. Ya kuonyesha wateja. Iko ng'ambo, Goma, mutaa ya Birere."

Donatille aliinamisha kichwa. Sasa tu ndipo machozi yakamtoka.

Shema alibadilisha magazini ya Makarov. Akafuta damu kwenye saa yake ya Casio, akauruka mwili wa Niyonzima na kutoka juani. Kwenye mwanga wa mlango akageuka.

"Dada Donatille, we funga lebo zako. Huyo ndege nitamlaza mezani kwako. Na kama Sibomana amemkata karatasi, nitakuletea na mkono uliokata."