Fulana ya Mama Mkwe

Prrraaaa!

Darasa zima la kisomo cha watu wazima likageuka. Melania, mmoja wa wanafunzi, alikuwa ameinua mkono aandike neno "shamba" ubaoni, na hata herufi ya kwanza hajaimaliza, fulana yake mpya ikapasuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Mzee Ndikumana, mkongwe kuliko wanafunzi wote, alijikaza kwa adabu, akashindwa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nje ya dirisha alisimama Anatoli, fundi cherehani aliyezishona fulana za darasa zima. Maskini, alikuja kuona kazi yake inavyowapendeza watu. Alichokiona hakikuwa cha kuonwa na mtu kama yeye, kwa sababu Melania ni mama yake Deodata, na Deodata ndiye mchumba wake Anatoli. Pale Nyakisasa mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Leo kamwona ubavu mtupu!

Anatoli alijifunika uso kwa mikono miwili, akageuka, akatimua mbio hivyo hivyo bila kuona aendako. Akaenda kuugonga mlingoti wa bendera.

Ngo!

"Nani yuko huko nje?" Melania akauliza, tayari amejifunga kanga mabegani.

Wanafunzi wakainamia madaftari.

"Nimeuliza, ni nani?"

"Ni fundi," akasema Ernesta, mama kijana mwenye mtoto mgongoni.

"Ameona?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo!" Melania akaitupa chaki chini. "Basi mwambieni kibuyu chake cha pombe ya posa kitarudi kwao. Jumamosi, wageni wa sherehe ya vyeti wakishaondoka, kitarudi!"

Hapo hata Mzee Ndikumana aliacha kucheka. Kibuyu cha posa kikirudi, uchumba umekufa, na hakuna mzee wa kuufufua.

*

Jioni Deodata alifika kibarazani kwa Anatoli amevimba kwa hasira. Njiani alikuwa amewapita watu wazima wawili bila kuwaamkia, jambo ambalo Nyakisasa lilitosha kuzungumzwa wiki nzima.

"Anatoli, mama yangu ulimpima na nini?"

"Sikumpima."

"Ulikata kwa macho?"

"Macho gani, Deo? Nikimwona kwa mbali mimi huyo migombani. Mwaka huu nimeijua migomba ya kijiji hiki kuliko wenye mashamba."

"Sasa ulikataje?"

"Kwa vipimo vya jeshini. Ndogo, ya kati, kubwa. Mama nikampa kubwa."

"Kubwa ya nani?"

"Ya askari mkubwa kabisa."

Deodata akashika kiuno. "Askari huyo amezaa mara saba?"

Anatoli akajikuna kichwa.

"Ana kifua kama cha mama yangu? Ana nyonga?"

"Kule vitani hatukuwa na nyonga."

Deodata alitaka kucheka, akajizuia. Alimjua mtu wake. Vita vya Kagera vilipoanza, Anatoli alikwenda na mgambo wenzake, na wakubwa walipogundua kwamba anajua cherehani wakampa sare za kushona. Alirudi mzima, akiwa na mkono mwepesi na ugonjwa mmoja tu: kumwona kila binadamu ni askari. Wilaya ilipoleta jora la marekani, kile kitambaa cheupe kigumu, ili wanakisomo wapate sare ya siku ya vyeti, yeye akalimaliza lote kwa vipimo vitatu. Wanafunzi waliziita fulana, maana zilivaliwa kwa kupitishwa kichwani, na kifuani zilidariziwa neno KISOMO kwa uzi mwekundu. Lakini fulana huvutika, marekani haivutiki ng'o.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nikuulize kiuno cha mama yako? Ungenionaje?"

"Ningekuona una akili!" Deodata akaketi kwenye ukingo wa kibaraza. "Na kuna jingine. Laurian wa duka la ushirika amefika nyumbani."

"Kutafuta nini?"

"Kumpa mama pole. Kaja na sabuni."

"Kipande?"

"Mche mzima."

Anatoli naye akakaa chini. Mwaka ule baada ya vita, watu walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai. Mche mzima wa sabuni ulikuwa posa kamili, na ng'ombe juu yake.

"Deo, unampenda?"

"Sabuni yake naipenda sana." Akamtazama. "Ninayempenda mimi ni wewe, mjinga wewe. Nilikungoja vita vizima, kila gari likitoka Ngara moyo wangu unaruka. Lakini mama akisema hapana, sitoroki. Sikulelewa hivyo."

"Nifanye nini?"

"Jumamosi wenzake wote watapokea vyeti wakiwa na fulana. Mama akisimama mbele ya wageni amejitanda kanga kwa aibu, sisi tumekwisha. Mshonee nyingine."

"Kwa kitambaa gani? Jora limekwisha. Dukani hakuna hata cha leso."

Hasira ilikuwa imemlegezea Deodata kanga, akasimama akaifungua, akaivuta, akaifunga upya kiunoni. Anatoli akakodoa macho.

"Unatazama nini?"

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Fungua, kisha funga tena."

"Anatoli! Watu wanapita!"

"Hiyo kanga ni ya nani?"

"Ya mama. Nimeiazima."

"Na imekutosha?"

"Wewe vipi leo? Kanga inamtosha kila mtu, mwembamba anaikaza, mnene..." Deodata akaishika kanga kiunoni. Wakatazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka jirani akachungulia.

*

Kesho yake Anatoli alizikusanya fulana zote, siyo ya mama mkwe peke yake. Alitaka kila mtu aseme kinachomsumbua, na laiti angejua! Kibaraza kilijaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Mzee Ndikumana akaitikia. "Fulana yako ni nzuri kuitazama. Kuivaa ndiyo kazi. Huu mkono wangu hauinuki tangu nianguke na pikipiki ya padri. Jana nilikwama humo ndani, mke wangu akanivuta kama ndama anayezaliwa."

"Afadhali wewe!" akadakia Ernesta. "Mtoto akililia ziwa, mimi nivue yote mbele ya Mwalimu Audax?"

"Hapana, usivue," akasema Mwalimu Audax, mwalimu wao wa kisomo, kwa haraka mno. Watu wakacheka.

"Mimi inanibana shingo."

"Mimi nina mimba, na kila wiki inazidi kuwa fupi!"

Deodata alikuwa pembeni na mkasi. "Sikia, Anatoli. Mbele pasuliwe mpaka chini, pafungwe kwa kamba. Mzee Ndikumana ataivaa kama koti, na Ernesta atanyonyesha bila shida."

"Na ubavuni?"

"Ubavuni ongeza kipande kila upande, uweke kamba. Anayetaka kukaza akaze, anayetaka kulegeza alegeze."

"Kipande cha nini sasa? Nimeshakwambia..."

Hapo Anatoli akakumbuka kitu. Aliingia ndani, akatoka na furushi, akalikunjua mezani. Ilikuwa kaki safi, nzito, aliyorudi nayo kutoka vitani.

Deodata akaifunika kwa viganja. "Hii si ya suti yako ya harusi?"

"Ndiyo."

"Hapana. Usiikate."

"Bila mama yako hakuna harusi, Deo. Hiyo suti nitaivalia wapi, kwenye palizi?"

Macho yakamlowa Deodata. Kisha akaondoa viganja, akamkabidhi mkasi. Walikata pamoja, na kuanzia hapo cherehani haikupumzika.

*

Ijumaa walikwenda nyumbani kwa Melania na fulana iliyotengenezwa upya. Deodata aliingia nayo ndani. Anatoli alibaki nyuma ya ua wa matete, ameelekeza uso barabarani kama adabu inavyotaka.

Melania alikuwa uani na mbuzi wake. Alijua vizuri nani yuko nyuma ya ua, akapaza sauti.

"Wewe mbuzi! Mtu akitaka kuniita pipa, si aseme tu? Ya nini ahangaike kushona?"

Anatoli hakuruhusiwa kumjibu mama mkwe. Lakini mbuzi hakukatazwa kusemeshwa.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mwenye nyumba fundi hakumwita mtu pipa. Alishona akiwa na hofu."

Melania akaikaza kamba ya mbuzi.

"Mbuzi, muulize alimhofia nani."

"Mbuzi, mwambie aliogopa kukosa adabu. Hakuthubutu hata kukisia."

"Mbuzi, mwambie adabu ya kunipasulia nguo mbele ya Ndikumana siitaki!"

"Mbuzi, mwambie fundi anatubu."

"Mbuzi, muulize aliona nini pale dirishani!"

"Mbuzi, mwambie aliona mlingoti tu. Mpaka leo ana nundu."

Uani kikasikika kitu, labda kikohozi, labda kicheko kilichomezwa. Mbuzi peke yake ndiye aliyeitikia.

Deodata alitoka baada ya muda.

"Atavaa?" Anatoli akanong'ona.

"Nimeiweka kitandani. Hajaigusa."

"Hajasema chochote?"

"Amesema nikachote maji."

*

Jumamosi ngoma zililia tangu asubuhi. Wageni wa wilaya walifika kutoka Ngara wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Darasa likajaa fulana nyeupe zenye mbavu za kaki, na watu wakawa wanageuka-geuka waonekane. Mzee Ndikumana alifunga kamba zake mwenyewe kwa mkono mmoja, akazifungua, akazifunga tena ili kila mtu ashuhudie. Ernesta alikuwa ananyonyesha, na hakuna aliyejua.

Laurian wa duka alikuwa mstari wa mbele, shati linang'aa, ananukia sabuni.

Melania aliingia wa mwisho. Alikuwa amejitanda kanga kuanzia shingoni.

Deodata, aliyesimama mlangoni, akashika mwimo. Anatoli alikuwa nje ya dirisha lile lile, hatua chache kutoka mlangoni, safari hii kageuzia darasa mgongo.

"Deo," akaita kwa sauti ya chini. "Kavaa?"

"Kajitanda kanga."

"Basi tumekwisha."

Ndani, mgeni mkuu alikuwa anasoma majina. Desturi ya kisomo ilikuwa kwamba kabla ya kupewa cheti, mtu aandike ubaoni sentensi yake mwenyewe, na wenzake waisome kwa sauti.

"Melania!"

Melania akasimama. Akatembea taratibu mpaka ubaoni. Akaifungua kanga, akampa Ernesta amshikie.

Alikuwa amevaa fulana. Kamba za ubavuni amezifunga vizuri, mafundo mawili kila upande, na kwa mara ya kwanza toka vita viishe alionekana kama mwanamke aliyevikwa na mtu anayemjali.

"Kavaa!" Deodata akapiga kelele, akajiziba mdomo.

Melania akainua mkono. Macho yote yakaelekea kwapani. Mkono ukapanda mpaka juu kabisa ya ubao, na hakuna uzi uliolia. Akaanza kuandika, herufi moja moja, kubwa na nene.

"A-na-to-li," wanafunzi wakasoma kwa pamoja.

Nje ya dirisha Anatoli akaganda.

"Jina lako!" Deodata akanong'ona. "Kaandika jina lako!"

Mila ilikataza ulimi. Chaki wazee hawakuitaja, maana walipoiweka mila hiyo hapakuwa na mama mkwe hata mmoja aliyejua kuandika. Watu wakatazamana, wakatafuta kosa, wasilione.

"Fu-la-na... i-me-ni-to-sha."

Vigelegele vikapasuka. Mgeni mkuu akainua mkono watulie, kwa sababu Melania alikuwa bado anaandika. Alifuta neno moja kwa kiganja, akafikiri, akaliandika upya.

"Njo-o..."

Deodata akafumba macho.

"Njo-o... u-m-chu-ku-e..."

"Aende amchukue nani?" Laurian akauliza.

"Nyamaza tusome!" Mzee Ndikumana akamkaripia.

"Njo-o u-m-chu-ku-e m-ke wa-ko."

Ngoma zilipigwa bila kuamriwa. Ernesta alirusha kanga juu, mtoto wake akaamka akalia, na Mwalimu Audax akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Deodata alikimbilia dirishani akamshika Anatoli mkono mbele ya kijiji kizima.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona unalia sasa?"

"Sijui. Hata vitani sikulia hivi."

"Ingia umjibu!"

Anatoli aliingia darasani kinyumenyume, macho chini, watu wakimwongoza kwa kumsukuma mabega. Melania alikuwa amesogea kwenye kona, kamgeuzia mgongo, adabu imetimia. Fundi akapapasa, akapata chaki, akaandika maneno mawili chini ya mwandiko wa mama mkwe wake. Kisha akatoka mbio. Safari hii mlingoti aliukwepa.

"Tusome!" wanafunzi wakaanza.

"Acheni," Melania akasema. "Hayo ni yangu."

Akarudi ubaoni, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuandikiwa neno na mtu. Alisoma polepole, peke yake.

"A-sa-nte... ma-ma."