Selotepu ya Kiunoni

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza juu ya ziwa, Soren Haugland aliketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na kujizungushia selotepu nyeusi kiunoni, mara sita. Suruali yake ya hoki ya barafuni aliirithi kwa binamu yake. Ilikuwa pana kama gunia na kamba yake ilikatika zamani, kwa hiyo bila selotepu ingemvuka mbele za watu. Kuivua kulihitaji mkasi, na mkasi wenyewe ulikuwa nyumbani, kwenye droo ya jikoni.

"Mtazameni, kajifunga kama kifurushi cha posta," Tate Vance alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Tate alikuwa nahodha wa timu, na baba yake ndiye daktari wa hospitali ndogo ya pale mjini. Soren alimnunia, akavuta selotepu kwa nguvu zaidi.

Jumamosi moja ya Februari, mazoezi hayajafika hata nusu, maumivu makali yalimshika ghafla kwenye korodani ya kushoto. Hakuwa amegongwa na mtu. Alijikunja palepale barafuni, akatapika. Kocha alimpigia simu mama yake.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" mama aliuliza garini.

"Tumbo."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Angeanzia wapi kumtajia mama yake? Hata walipofika hospitali ya mjini na muuguzi akamuuliza, alijibu tumbo. Daktari Vance naye alimbonyeza tumbo juu ya jezi, akatazama saa yake, akasema ni virusi tu, anywe maji na kupumzika. Dakika nne, basi. Hakumuuliza swali hata moja la maana.

Soren alilala kwenye kochi na suruali yake ileile, akimkemea mama yake kila alipotaka kumgusa. Ilipofika saa kumi jioni hakuweza tena kuvumilia, akamwambia mama kila kitu huku akilia. Mama aliendesha gari kwa kasi ya ajabu mpaka hospitali ya jijini.

"Korodani ilijisokota, damu ikakosa kupita," daktari wa upasuaji aliwaeleza baadaye. "Mkija ndani ya saa sita, mara nyingi tunaiokoa. Hii ilishakufa, ikabidi niitoe. Iliyobaki ni nzima, na inamtosha mtu kuishi maisha yake yote."

Mama alimgeukia Soren. "Vance ulimwambia mahali hasa panapouma?"

"Nilimwambia," Soren alijibu, macho yake yakiwa kwenye shuka.

Mama aliuamini uongo huo. Aliupeleka kwa wakili, Bi Kowal, naye akauandika kwenye hati ya madai dhidi ya hospitali.

Lo, mji ulivyowageuka! Dukani watu waliacha kumsalimu mama. Jirani aliyezoea kuwaondolea theluji mlangoni aliipita nyumba yao kana kwamba haipo. Tate alimsukuma Soren ukutani shuleni. "Hospitali ikifungwa kwa kesi yenu, bibi yangu atatibiwa wapi? Kwenu? We mwongo mkubwa!" Soren alimrudishia kofi. Kilichomchoma zaidi ni kwamba neno moja kati ya hayo lilikuwa kweli.

Mwezi wa Oktoba, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, aliitwa ofisini kwa wakili kutoa maelezo kwa kiapo. Waliketi kwenye meza ndefu: Soren na mama upande huu, Daktari Vance na Bwana Pruitt, wakili wa hospitali, upande wa pili. Karani alichapa kila neno.

"Bwana mdogo," Pruitt alianza, "hati yenu inasema ulimwambia daktari kuwa unaumwa korodani. Karatasi ya hospitali inasema tumbo. Mwongo ni nani, wewe au karatasi?"

"Usimtishe mtoto," Bi Kowal alifoka.

"Mtoto ameapa. Ajibu."

Soren alimtazama mama yake. Kwa miezi minane mama alikuwa ametukanwa kwa ajili ya neno lake.

"Karatasi ni ya kweli," alisema. "Nilisema tumbo. Niliona aibu. Mama nilimdanganya."

Mama alifumba macho. Pruitt alitabasamu kama paka aliyemaliza maziwa, akaendelea kusoma kwa sauti ya ushindi: "'Mgonjwa analalamika tumbo. Nimemvua na kumkagua tumbo na korodani. Sijaona kasoro.' Kwa hiyo daktari alifanya kazi yake yote."

"Huo sasa ni uongo!" Soren aliruka kitini.

"Ebo! Wewe ndiye wa kumwita mtu mwongo?"

"Mimi nimeshasema uongo wangu. Yeye aseme wake! Hakunivua. Suruali ilifungwa selotepu kiunoni, mara sita, haivuki bila mkasi. Muulizeni mwanawe, kila Jumamosi alinicheka!"

Bi Kowal alipekua faili lake harakaharaka, akasimama na karatasi ya hospitali ya jijini. Akasoma polepole: "'Suruali ya michezo imefungwa selotepu kiunoni. Tumeikata kwa mkasi.'"

"Suruali yenyewe ninayo," mama alisema. "Iko gereji, na selotepu yake imekatwa mahali pamoja tu. Daktari, ulimvulia wapi mwanangu?"

Daktari Vance alitazama mikono yake. Pruitt alimgusa bega kumzuia asiseme, lakini alisema. "Sikumvua. Niliandika baadaye, nilipopata habari za upasuaji."

Kesi haikufika mahakamani. Hospitali ilikubali kosa, ikalipa fidia, na Vance akasimamishwa kazi. Tate hakuomba msamaha, wala jirani hakurudi na koleo lake la theluji.

Siku ile ya kiapo, walipoingia garini, mama hakuwasha injini mpaka alipomaliza kusema.

"Nimekukasirikia, Soren, nisikufiche. Umenifanya nigombane na mji mzima nikishikilia uongo. Kazi ya daktari ni kukukagua hata ukisema tumbo, na kosa hilo ni lake. Lakini mwili ni wako, na hakuna anayesikia maumivu yako ila wewe. Kila kiungo kina jina. Kitaje, mapema, hata kama uso unawaka. Na ukishadanganya, sema ukweli kabla hujaulizwa kwa kiapo."

"Samahani, mama."

Tangu hapo, kila Jumamosi alipobeba begi lake la hoki, mama alimwita akiwa mlangoni. "Unaumwa popote?"

"Hapana."

"Popote?"

"Mama, korodani yangu haiumi!" Soren alipaza sauti, jirani akasikia, mtaa mzima ukasikia, naye akaenda zake mazoezini.