Anayenyanyua Simu ya Pili

Jua lilikuwa linazama nilipopanda mtaa wa Bigwa, mlimani, kwenda kutengeneza intaneti ya Mzee Mikaeli, yule mwenye mashine za kukoboa mpunga Dakawa. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya Uluguru na baridi inashuka. Sikutaka kwenda. Nyumba ile ndiyo ya mwisho ambayo marehemu mume wangu, Eustace, aliifungia nyaya za simu. Alirudi jioni anaumwa kichwa, asubuhi hakuamka. Lakini mke wa Mzee, mama Juliana, alinipigia tena na tena, akisisitiza nije mimi na si fundi mwingine. Nami nina mtoto wa kulisha.

Nilimwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia kwa sauti ndogo kama vile ndani kuna mgonjwa. Alisema Mzee yuko Dakawa, hatarudi mpaka kesho.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Watu wa mji huu wanazivisha kompyuta zao vizuri kuliko watoto, halafu wanashangaa zinapata joto. Nikaiwasha, nikaiamuru ijiunganishe. Modemu, kile kisanduku kinachoiunganisha na waya wa simu, ikapiga. Ti-ti-ti-ti... kriii... shhhh... Ikashika.

Ikakatika.

Nikabadilisha waya. Nikapunguza kasi ya modemu. Nikafuta namba ya kupigia, nikaiandika upya. Kila mara ilishika, ikatulia kidogo, kisha... tk. Kimya.

Ugonjwa huo naujua. Intaneti ya namna hii inapita kwenye waya uleule wa maongezi. Mtu akinyanyua mkonga wa simu nyingine humo ndani, inakatika. Mara nyingi ni binti wa kazi anayempigia mchumba wake. Nikamtania mama Juliana, nikamuuliza nani ana mchumba humu.

Hakucheka. Alisema simu ya pili iko stoo ya pumba, kule uani. Stoo ina kufuli na ufunguo Mzee anatembea nao. Hakuna mtu.

Nikanyanyua simu ya mezani nisikilize. Badala ya mlio wa kawaida...

Pumzi.

Mtu alikuwa anahema polepole, kwa mdomo. Harufu ya pumba iliyovunda ikanijia puani, kana kwamba inatoka kwenye mkonga. Nikasema haloo. Pumzi zikasimama.

Sijui nini kilinituma. Zamani tulipojaribu laini, mimi upande huu na Eustace upande ule, tulikuwa hatusemi. Tulikuwa tunagonga mkonga kwa ukucha mara mbili, maana yake nakusikia. Yeye alipenda kuongeza mkwaruzo mrefu mwishoni, kunichokoza tu. Hakuna mwingine aliyeujua mchezo huo.

Nikagonga mara mbili.

Tk. Tk.

Kisha... krrrrr.

Nikaukandamiza mkonga sikioni. "Eustace?" nilinong'ona. Ikaja sauti nzito, ya mtu anayejitahidi kuita jina langu bila ulimi. Nimekua nikisikia habari za misukule, watu tunaowazika kumbe wamefichwa mahali wakitumikishwa, wamekatwa ulimi, wanalishwa pumba. Nilikuwa nazicheka.

"Kompyuta haina shida, Mama Neema," mama Juliana alisema nyuma yangu, kwa kunong'ona. "Nilitaka usikie mwenyewe. Nimechoka kumsikia peke yangu."

Nilitoa nyundo kwenye begi nikakimbilia uani, mama Juliana akinifuata. Kufuli lilivunjika kwa shida. Ndani kulikuwa na magunia ya pumba, mkeka na sahani iliyolambwa. Simu ilikuwa sakafuni, mkonga wake bado una joto la kiganja. Dirisha lilikuwa na nondo, zote nzima. Mtu hakuwepo. Nilimwita mume wangu mpaka koo likakauka.

Mzee Mikaeli alitukuta hapohapo. Sikusikia gari. Aliliangalia kufuli, wala hakukasirika. Aliniuliza kwa upole nimesikia nini, nikasema sikusikia kitu. Akatutangulia sebuleni, akaniomba nijaribu tena mbele yake.

Modemu ikashika. Safari hii haikukatika. Mzee alisoma barua pepe zake zote, akanishukuru sana, na muda wote huo mama Juliana alikuwa amesimama pembeni anatazama sakafu.

Wiki iliyofuata tulimzika mama Juliana. Walisema ni presha.

Leo alasiri Mzee amenipigia. "Mama Neema," alisema, "intaneti imeanza kukatika tena. Njoo uitazame."

Mama mkwe amempakata Neema, analia, ananikataza nisiende. Naogopa, sitasema uongo. Sijui ni nani anayenyanyua simu kule sasa, mume wangu au yule mama. Huenda ni Mzee mwenyewe, ananivuta. Lakini kati ya watu wote waliotupa udongo kaburini kwa Eustace, anayejua kwamba hayumo nimebaki mimi tu.

Nimemjibu kwamba nakuja.