Simba na Maua Kwenye Bendera

Kila asubuhi Leah alichota maji, akafagia uwanja, akapiga magoti kando ya kitanda kumwomba Mungu. Kisha alishika njia ya shule ya misheni pale Tunduma, vumbi likimpanda hadi magotini. Mwaka ule wa 1953 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa hodari wa masomo. Mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua kupita kiasi.

Darasani mwao ilitundikwa picha kubwa iliyoachwa na mmisionari mmoja. Ilionyesha meli za kale zikipigana, watu wakivuta pinde na kurukiana na mapanga. Maelezo ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa, haikubaki hata herufi moja.

"Jumamosi wazazi watakuja kutazama shule yetu," alisema Mwalimu Barnaba. "Nataka tuwaambie ni majeshi gani yalipigana hapa. Mimi sijui. Atakayeleta jibu lenye hoja ndiye atakayesimama mbele yao."

Leah alipangwa pamoja na Watson, mvulana mpole asiye na maneno mengi. Kitabu pekee cha historia kilieleza kwamba maua ya yungiyungi ya dhahabu yalikuwa alama ya mfalme wa Ufaransa. Leah akapanda juu ya dawati, akatazama bendera. Meli za kushoto zilikuwa na yungiyungi. Za kulia pia.

"Wafaransa watupu," alisema. "Ndugu wamegombana."

"Na hawa simba je?" Watson aliuliza. "Bendera za kulia zina maua na simba. Za kushoto zina maua tu."

"Hayo mapambo, Watson. Au unadhani melini walifuga simba?"

Darasa likacheka. Leah alipompa mwalimu jibu lake, simba hakuwataja hata kidogo. Macho ya mwalimu yalikuwa yameanza kufifia, na picha ilikuwa juu. Akaiamini hoja ya Leah. Akaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wake mzuri, "Wafaransa kwa Wafaransa," akaibandika chini ya picha. Hezron, baba yake Leah, alipopata habari kwamba binti yake atahutubia wazazi, aliwatangazia watu mpaka kijiji cha Mpemba.

Siku ya Alhamisi mjomba Mulenga alifika kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kumwona dada yake, mama yake Leah, ambaye alikuwa Mbemba. Alileta habari za msiba: mzee mmoja wa ukoo wao amefariki, na jina lake litarithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake.

"Shemeji, na watoto aliowazaa mwenyewe?" aliuliza Hezron, aliyekuwa Mnamwanga. "Kwetu mtoto hufuata baba."

"Kwenu, mukwai," mjomba alijibu kwa heshima ya Kibemba, huku akicheka. "Kwetu urithi hupitia kwa mama. Hata huyu Leah ana koo mbili. Akijivunia zote, nani atamkataza?"

Leah aliacha kupepeta ulezi. Mtu mwenye koo mbili. Basi hata mfalme angeweza kubeba simba wa baba na maua ya mama. Ungo ukamwelemea mikononi. Jibu lake lilikuwa limevunjika, na kibaya zaidi, simba wale alikuwa amewaona. Akinyamaza, nani atajua? Angesimama, angepigiwa makofi, na baba angefurahi.

Alikwenda nyuma ya ghala akasali. Hakuomba maneno mengi. "Bwana, nipe moyo wa kusema."

Ijumaa alifika shuleni kabla ya wenzake.

"Shikamoo, Mwalimu. Jibu langu si la kweli. Simba niliwaona, nikawaficha kwa sababu waliniharibia hoja. Watson aliwataja, nikamcheka."

Mwalimu Barnaba aliitazama picha. "Na kadi imeshabandikwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Na baba ameshawaambia watu."

Kisha akamweleza habari ya mjomba. Mwalimu akamwita Watson, akafungua kitabu, nao watatu wakamtafuta mfalme aliyedai ufalme kupitia kwa mama. Kidole cha Watson ndicho kilichompata: Edward wa Tatu wa Uingereza. Mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Ufaransa, naye akaudai ufalme ule, akaunganisha maua ya Ufaransa na simba wake. Mwaka 1340, mahali paitwapo Sluys, meli zake zilizishinda meli za Wafaransa. Mwalimu aliibandua kadi ile kwa mkono wake.

Jumamosi Leah hakukubali kusimama peke yake. Alimshika Watson mkono, wakasimama wote wawili. Alieleza vita vyote, kisha akasema, "Watson ndiye aliyeuliza habari za simba. Mimi niliwaona nikanyamaza. Nilikuwa karibu kuwadanganya ninyi nyote."

Hezron alitazama chini, kisha akainua uso, akavua kofia yake.

"Wazazi wenzangu," alisema Mwalimu Barnaba, "kukosea ni kwa kila mtu, hata mimi nilikosea. Lakini atafutaye ukweli hachagui ushahidi unaompendeza na kuuficha unaomuudhi. Mtoto akilijua hilo, elimu yake ina msingi. Leo najivunia kuwa mwalimu wa hawa wawili."

Njiani kurudi nyumbani, jirani yao Amoni alimtania Hezron. "Bwana, si ulituapia kwamba ni Wafaransa watupu?"

"Nilikosea," alijibu Hezron, akitembea kifua mbele. "Binti yangu amenisahihisha."